Kulitazama jua bila kupoteza jicho

Kila nikitaja kwamba nina darubini, swali la kwanza ninaloulizwa ni kama nyota zinaonekana karibu. La pili ni kama naweza kumwona mtu aliyeko Kigamboni. Hakuna anayeuliza kuhusu jua. Watu wa mjini tunadhani mambo ya anga ni kazi ya usiku, na usiku wenyewe wa Dar es Salaam hauna nyota za kuhesabu: taa za barabarani, mabango, vumbi, na kuanzia Machi mpaka Mei mawingu ya masika. Kuna nyota moja tu ambayo taa za mji haziwezi kuifunika, na hiyo ndiyo tunayoikimbia mchana kutwa tukitafuta kivuli.

Nimeamua kuandika kwa kirefu kwa sababu nimechoka kueleza barazani kipande kipande, na kwa sababu katika ukoo wetu kuna jicho moja lililoharibika kwa jambo hili hili. Kwa hiyo kaeni, leo sina haraka.

Jicho lenyewe ni la kushoto, la mjomba wangu. Tarehe 23 Oktoba 1976 kulitokea kupatwa kamili kwa jua ambako kivuli chake kilipita Tanzania asubuhi na mapema. Mjomba alikuwa shule ya msingi. Anasema watoto walijiandaa toka jana yake, kila mmoja na kipande chake cha kioo kilichofukizwa moshi wa kibatari mpaka kikawa cheusi. Kioo chake yeye kilifukizwa ovyo, upande mmoja mweusi tititi, upande wa pili kama chai ya rangi. Akafumba jicho la kulia, akatazama kwa la kushoto. Hakusikia maumivu yoyote. Hilo ndilo analolirudia kila mara, kwamba hakusikia kitu. Jioni akaanza kuona doa katikati ya kila anachokitazama, akadhani litaondoka lenyewe kama linavyoondoka doa la taa. Mpaka leo lipo. Akikutazama usoni kwa jicho lile anaona masikio na kidevu, lakini pua haipo. Amekuwa fundi cherehani zaidi ya miaka 30 akitunga uzi kwenye sindano kwa jicho moja.

Kwa nini hakusikia maumivu? Kwa sababu retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, hauna mishipa ya kuhisi maumivu. Ukishika sufuria ya moto mkono unaruka wenyewe kabla hujafikiri. Jicho halina bahati hiyo. Mwanga mkali unaharibu chembe za katikati ya retina, zile zile unazotumia kusoma na kutambua sura, na dalili huja baadaye, pengine saa kadhaa. Baadhi ya watu hupata nafuu baada ya wiki au miezi. Wengine hawapati, na hakuna upasuaji wala tone la dawa la kurudisha kilichoungua.

Wala msidhani hii ni habari ya vibatari na watoto wa zamani. Baada ya kupatwa kwa jua kwa tarehe 11 Agosti 1999, watu 45 walikwenda kwa madaktari wa macho katika mji mmoja tu wa Uingereza, Leicester, wakiwa na wasiwasi na macho yao. Baada ya kule kwa Marekani kwa tarehe 21 Agosti 2017, madaktari wa New York walimpima mwanamke kijana aliyekuwa akiona doa jeusi, wakakuta retina yake imeungua kwa umbo la hilali, yaani umbo lile lile la jua alilokuwa amelitazama. Jua lilijichora ndani ya jicho lake kama mhuri.

Hapa naomba niwaseme kidogo waandishi wenzangu. Kila kupatwa kwa jua kunapokaribia, tunaandika kwamba siku hiyo jua litatoa "mionzi hatari". Si kweli. Jua la siku ya kupatwa ni lile lile la jana na la juzi, tena siku hiyo limezibwa kiasi. Tofauti ni kwamba siku nyingine zote hakuna mwenye akili anayelikodolea macho. Tukisema ni mionzi ya siku hiyo tu, tunamfundisha msomaji kwamba kesho yake ni salama, na hapo ndipo mtu mwenye darubini anapoingia matatani.

Mboni ya jicho mchana hujibana mpaka milimita 2 hivi. Darubini yangu ni ndogo, ya kuanzia, lenzi yake ya mbele ina milimita 70. Piga hesabu ya eneo: 70 gawanya kwa 2 ni 35, na 35 mara 35 ni 1,225. Yaani lenzi ile inakusanya mwanga zaidi ya mara 1,200 kuliko jicho tupu, halafu inaupitisha wote kwenye tundu dogo unapoweka jicho lako. Mjomba alitazama kwa muda, kwa kioo kibovu, akapoteza katikati ya jicho. Kwa darubini isiyo na kichujio huhitaji muda. Sekunde moja inatosha, na pengine hata hiyo hutaimaliza.

Sasa niwaambie habari ya kijikopo cha kifo. Darubini yangu niliinunua mtumba, na ndani ya boksi mlikuwa na lenzi mbili za kuchungulia, miguu mitatu, na kioo kidogo cha kijani kilichoiva, upana wake kama sarafu, cha kukaza kwa nyuzi kwenye lenzi ya kuchungulia. Ubavuni kimeandikwa kuwa ni cha jua. Vioo hivi viliuzwa na darubini za bei nafuu kwa miaka mingi na bado vinazunguka. Tatizo lake ni mahali kinapokaa. Kinakaa mwisho, pale ambapo joto lote la milimita 70 limeshakusanywa pamoja. Kioo kinapata moto, kinapasuka, na kinapopasuka jicho lako lipo sentimita mbili nyuma yake. Nilikifunga kwenye kitambaa, nikakiponda kwa nyundo, nikatupa. Kama unacho, fanya hivyo hivyo. Usimpe mtu, usikiuze, usikiweke kabatini kama ukumbusho maana watoto wanafungua makabati.

Kanuni ni hii: kichujio hukaa mbele, kabla mwanga haujaingia kwenye darubini. Ukiuzuia mlangoni, ndani kote kunakuwa na amani. Kichujio cha kutazamia kwa jicho huachia sehemu 1 tu kati ya 100,000 za mwanga. Sehemu 99,999 zinarudishwa zilikotoka. Inaonekana kama ubahili, lakini jua linayo ya kutosha.

Kuna watu wataniambia mbona Galileo alitazama madoa ya jua na hakuwa na kichujio. Nimeambiwa mara nyingi pia kwamba ndiyo maana akawa kipofu. Galileo alipofuka kabisa mwaka 1638, zaidi ya miaka 20 baada ya kazi yake ya madoa, na akiwa mzee mwenye maradhi ya macho. Kazi yake nzuri ya mwaka 1612 aliifanya bila kuchungulia: mwanafunzi wake Benedetto Castelli alibuni njia ya kuliacha jua lipite kwenye darubini na kuangukia kwenye karatasi nyuma yake, mtu akachora madoa huku amelipa jua kisogo. Njia hiyo bado inafanya kazi. Mimi siipendi mbele ya watoto, kwa sababu darubini inabaki wazi na mmoja akiingiza kichwa katikati ya lenzi na karatasi, basi.

Ila kisa ninachokipenda zaidi ni cha William Herschel. Mwaka 1800 alikuwa akijaribu vioo vya rangi mbalimbali ili alitazame jua, akagundua jambo la ajabu: vioo vingine vilipitisha mwanga kidogo lakini joto jingi, vingine kinyume chake. Akachukua kipimajoto, akatawanya mwanga wa jua kwa prizimu, akapima rangi moja baada ya nyingine. Kipimajoto kilipanda zaidi nje ya rangi nyekundu, pale ambapo jicho halioni kitu kabisa. Ndivyo ilivyogunduliwa mionzi ya infraredi: mtu alikuwa akitafuta kichujio cha jua tu. Na ndiyo sababu sitaki kusikia habari za filamu ya eksirei, sidii, miwani mitatu ya jua iliyopangwa pamoja, wala kioo kilichofukizwa moshi. Kitu kinaweza kuonekana cheusi machoni na bado kikapitisha moto usiouona. Weusi si kipimo.

Miwani ya karatasi ya kupatwa kwa jua, ile yenye kiwango cha ISO 12312-2, ni kwa macho matupu tu. Usiivae halafu ukachungulia kwenye darubini isiyo na kichujio, itaungua na jicho nyuma yake. Tena miwani yenyewe inaghushiwa. Mwaka 2017 duka la mtandaoni la Amazon lililazimika kuwarudishia wateja pesa kwa miwani ambayo uhalali wake haukuthibitika. Kuchapa namba kwenye karatasi ni rahisi kuliko kutengeneza kichujio.

Cha kwangu kilitoka Ujerumani. Rafiki anayesoma huko aliniletea karatasi moja ya AstroSolar ya kampuni ya Baader, ukubwa wa karatasi ya kawaida ya kuandikia, inayong'aa kama ya ndani ya pakiti ya sigara. Kuna ya aina mbili, na hapa watu huchanganya. Ya kutazamia kwa jicho ni ile yenye namba 5.0. Yenye namba 3.8 inapitisha mwanga mara kumi na zaidi, ni ya kamera peke yake. Nilimwandikia rafiki yangu namba hiyo mara tatu.

Kukitengeneza ni kazi ya jioni moja. Nilikata kadi ngumu ya boksi la viatu, nikaizungusha mdomoni mwa darubini mpaka ikawa kofia inayobana, nikagundisha karatasi juu yake kwa gundi ya pande mbili. Usiivute ikawamba kama ngoma. Ikiwa na mikunjo kidogo ni sawa, picha haiharibiki. Ukiinyoosha kwa nguvu ndiyo unaiharibu. Kabla ya kila matumizi naishika mbele ya taa kali chumbani nikitafuta tundu au mkwaruzo. Ikiwa na tundu inatupwa, haizibwi. Halafu kofia inafungwa kwa selotepu sehemu tatu, kwa ajili ya upepo na kwa ajili ya vidole. Ile darubini ndogo ya pembeni ya kulengea naing'oa kabisa, nayo inakusanya mwanga na ndiyo inayosahaulika.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi mtaani kwetu aliposikia, akaniomba nije na darubini Jumamosi moja kwa watoto wake. Nikakubali. Mjomba akapata habari, akaniita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia unataka kuwaonyesha watoto jua."

"Ndiyo mjomba. Nina kichujio."

"Hata mimi nilikuwa nacho."

Nilijaribu kueleza habari za sehemu 1 kati ya 100,000. Akanisikiliza huku anapiga pindo la suruali, mguu hauachi kanyagio. Nilipomaliza akasema, "Wale ni watoto wa watu, mpwa wangu. Mimi nimeishi na jicho moja kwa sababu la pili lilibaki. Wewe utamwambia nini mama wa mtoto?"

Sikuwa na jibu la maneno, kwa hiyo nikaenda kuileta darubini. Mjomba mwenyewe ndiye aliyetoa wazo la karatasi. Tuliielekeza kwenye jua bila kichujio, kwa kufuata kivuli: kivuli cha bomba kikiwa kifupi kuliko vyote, umelenga, na hakuna haja ya kuchungulia. Nikashika kipande cha gazeti kwa koleo nyuma ya lenzi ya kuchungulia. Kabla mjomba hajahesabu tano, gazeti likatoa moshi. Akarudi nyuma hatua mbili. Nikaigeuza darubini pembeni, nikaivisha kofia, nikalenga tena. Karatasi nyeupe nyuma ya lenzi haikuonyesha hata alama ya mwanga. Mjomba akaweka kiganja chake pale, akakaa nacho muda mrefu kama mtu anayempima mtoto homa.

Yeye aliridhika na hilo. Mimi peke yake lisingenitosha, kwa sababu ya Herschel: kiganja kinapima joto tu, hakipimi kila mwanga. Imani yangu ilikuwa kwenye karatasi iliyopimwa maabara. Lakini nilielewa kwamba mjomba alikuwa anajaribu kitu kingine pale.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi tarehe 11 Mei 2024, wiki moja baada ya kimbunga Hidaya kufika pwani yetu, mawingu yanakuja na kuondoka. Sikupanga tarehe kwa ujanja wowote, ila bahati ilitupenda. Wiki ile jua lilikuwa na kundi la madoa lililopewa namba 3664, kubwa kiasi kwamba mtu mwenye miwani halali ya kupatwa aliliona bila darubini. Upana wake ulizidi dunia kumi zikipangwa mstari. Usiku wa kuamkia siku hiyo lilikuwa limeipiga dunia kwa dhoruba ya sumaku ya daraja la juu kabisa, ya kwanza ya daraja hilo toka Oktoba 2003, na anga la rangi rangi likaonekana mpaka Afrika Kusini. Sisi tulio karibu na ikweta hatukuona rangi. Tulikuwa na doa.

Ukichungulia kwa kichujio kile jua ni jeupe, lina ubaridi fulani, kama sahani ya kauri. Kingo zake zimefifia kidogo kuliko katikati, na hapo ndipo unapotambua kwamba ni mpira, si sahani. Madoa yana kiini cheusi na ukingo wa kijivu wenye nywele nywele. Si meusi kweli. Yana joto la nyuzi 3,500 hivi wakati uso wa jua unaozunguka una karibu 5,500, kwa hiyo yanaonekana meusi kwa kulinganishwa tu. Mtoto mmoja wa kike alichungulia, akatoa jicho, akapuliza lenzi, akachungulia tena. Alidhani ni uchafu.

Mwalimu alisimamia foleni, mimi sikuondoka pembeni ya bomba hata dakika moja. Hiyo ndiyo kanuni ngumu kuliko zote kwa sababu unataka maji, unataka kivuli, simu inaita. Mvulana mmoja aliniuliza kama anaweza kufunua ile kofia kidogo aone kilichofichwa. Nikampeleka kwa mjomba, aliyekuwa amekaa kwenye benchi chini ya mwembe. Sijui alimwambia nini. Niliona anafunika jicho la kulia kwa kiganja na kumnyooshea kijana kidole usoni, akionyesha kisichoonekana. Yule kijana alirudi kwenye foleni mikono iko nyuma.

Watoto walipoisha, mjomba akaja. Akavua kofia yake, akainama. Kwanza kwa jicho la kulia, kimya. Kisha, sikutegemea, akabadilisha akaweka la kushoto. Akasogeza kichwa huku na huku akitafuta, kama wanavyofanya watu waliozoea kutumia pembeni ya jicho.

"Lipo," akasema. "Nikilitazama linapotea. Nikitazama pembeni linarudi."

Akasimama wima, akavaa kofia, akauliza kama madoa yale yapo siku zote. Nikamwambia hapana, yanakuja na kuondoka. Mjerumani mmoja aitwaye Schwabe, ambaye kazi yake ilikuwa duka la dawa, aliyahesabu kila siku ya jua kali kuanzia 1826, na baada ya miaka 17 akatangaza kwamba yanaongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka kumi hivi. Leo tunasema 11. Mjomba akasema, "Miaka 17 kila siku, na macho yote mawili?" Nikasema ndiyo. Akacheka sana.

Kesho yake, Jumapili, intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani, na simu yangu ikajaa ujumbe: je, ni lile doa? Hapana jamani. Ni kebo za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilizokatika upande wa kusini. Jua lina makosa yake lakini hilo halikuwa lake.

Baada ya hapo tumetazama mara nyingi. Jua hujizungusha, na kwa kulitazama toka hapa doa huchukua karibu wiki mbili kuvuka toka ukingo mmoja hadi mwingine. Mwalimu anawachorea watoto duara kwenye daftari, kila Jumamosi wanaweka madoa mahali pake. Zipo pia darubini maalumu zinazopitisha rangi moja tu nyekundu ya haidrojeni na kuonyesha ndimi za moto pembeni ya jua, lakini bei yake siitaji hapa, nisije nikaharibu siku yenu.

Tarehe 2 Agosti 2027, siku ya Jumatatu, kutakuwa na kupatwa kamili kwa jua kutakakopita Luxor kule Misri kwa zaidi ya dakika 6, kisha Jeddah na Makka, Yemen na kaskazini ya Somalia. Hapa kwetu litapatwa sehemu tu, ambayo maana yake ni kwamba hakutakuwa na hata sekunde moja ya kulitazama kwa macho matupu. Nina zaidi ya nusu ya karatasi ya Ujerumani imebaki. Inatosha kofia mbili za darubini ndogo kama yangu. Mwalimu au mwanafunzi yeyote mwenye darubini na boksi la viatu aniandikie, aje na kipimo cha mdomo wa bomba lake kwa milimita. Kushona hatutashona, lakini mjomba ameshasema kukata atakata yeye.